Mtueni mzazi ndoo kwanza

Mtoto akitimiza wiki sita hupelekwa kliniki. Anavuliwa nguo, anatiwa kwenye mkoba wa mizani ya kuning'iniza, uzito wake unaandikwa kwenye kadi, anachomwa chanjo pajani, analia, ananyonyeshwa, anafungwa tena mgongoni. Yote hayo ni mema na yameokoa watoto wengi. Lakini aliyembeba kutoka nyumbani, ambaye wiki sita tu zilizopita alichanika au alipasuliwa, mara nyingi huondoka pale bila kuulizwa swali hata moja kuhusu mwili wake mwenyewe: kama kidonda kimefunga, kama mkojo unamtoka akikohoa, kama anahisi kitu kizito kinamshukia huku chini, kama usingizi unakuja pale mtoto anapolala, kama moyo wake umetulia. Anarudi nyumbani, na kabla jua halijazama atakuwa amejitwika ndoo.

Siku hizi habari za mazoezi baada ya kujifungua zimepamba moto, hasa kwenye simu. Picha za tumbo lililorudi bapa baada ya miezi miwili zinasambazwa, mikanda ya kubana tumbo inauzwa mitandaoni na sokoni, na swali ambalo mzazi anaulizwa na mashoga zake ni lini shepu itarudi. Sina ugomvi na mwanamke anayetaka kupendeza. Ugomvi wangu ni kwamba mjadala umeanzia mahali pasipo pake. Mazoezi ni sehemu ya afya ya mzazi na ushahidi wake ni mzuri, lakini kwa wengi wa wazazi wa nchi hii, Tanzania, hatua ya kwanza ya mazoezi ni kuondolewa mzigo. Kumhimiza mwanamke afanye mazoezi huku tumemwachia ndoo, kuni na jembe ni kumwongezea kazi juu ya kazi, kisha kumlaumu kwa kushindwa.

Nianze na lile ambalo halina ubishi mkubwa: mzazi anahitaji kusogea. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, hospitali za Ulaya na Marekani ziliwalaza wazazi kitandani kwa wiki nzima au zaidi, zikiamini kwamba kusimama mapema kungewadhuru. Vita vilipoleta uhaba wa vitanda na wauguzi, wanawake wakaanza kuinuliwa mapema, na madaktari wakaona kwamba hawakudhurika. Sababu mojawapo inafahamika vizuri leo. Damu ya mjamzito huganda kwa wepesi zaidi, na hatari ya bonge la damu kujijenga kwenye mishipa ya mguu na kupanda hadi mapafuni huwa kubwa zaidi katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji. Ndiyo maana muuguzi humwinua mama aliyepasuliwa na kumtembeza wodini mara tu anapoweza kusimama, hata mama akilalamika. Baada ya hapo miongozo inazungumza lugha moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri wajawazito na wazazi wasio na tatizo la kiafya wafikishe angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, wakianza kidogo na kupanda polepole. Dakika 150 ni kama nusu saa ya kutembea kwa haraka kiasi, siku tano za juma. Hapahitajiki ukumbi wala mashine.

Hapo ndipo msomaji wa kijijini, au aliyekulia kijijini, atakapoinua mkono. Mwanamke huyu anatembea kutwa, anaenda kisimani, anaenda shamba, anatwanga, anafua. Amepungukiwa na mazoezi gani? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha hoja yangu. Zoezi lina kipimo. Unalianza pale mwili ulipofikia, unaliongeza kidogo kidogo, unapumua vizuri, unaacha linapouma, unapumzika kesho kama leo ulichoka. Kazi nzito haina hata kimoja kati ya hivyo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 siku ya kwanza na siku ya arobaini, haimngojei aliyeshonwa. Mtoto mchanga ana kilo tatu hivi. Kwa hiyo mzazi anayejitwika ndoo moja amebeba uzito wa watoto wachanga zaidi ya sita kwa mpigo, wakati aliyepasuliwa huambiwa hospitalini asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kadhaa. Anapoinama kuinyanyua anabana pumzi, tumbo linakaza, na msukumo wote unashuka kwenye nyonga, kwenye misuli ile ile iliyotanuka kumpitisha mtoto na ambayo bado haijarudi. Misuli hiyo ndiyo iliyobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Ikilegea na kuendelea kusukumwa, matokeo yake ni mkojo usiozuilika na kizazi kinachoshuka.

Haya si maneno ya kutisha tu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kilimanjaro, ambapo wanawake zaidi ya 1,000 walikubali kupimwa na madaktari. Karibu 65 kati ya kila 100 walikutwa na dalili za viungo vya nyonga kushuka kwa kiwango kinachoonekana kwenye kipimo. Kwa wengi wao hali haikuwa kali. Lakini kwa wale waliokuwa na hali mbaya zaidi, mambo mawili yalijitokeza wazi: kuzaa mara tano au zaidi, na kubeba vitu vizito kwa saa tano au zaidi kwa siku. Mtafiti makini atasema, na atakuwa sahihi, kwamba utafiti wa kupima watu mara moja hauwezi kuthibitisha kwamba mzigo ndio uliosababisha; huenda wanaobeba sana ndio pia waliozaa sana, waliochoka sana, wasio na chakula cha kutosha. Nakubali. Ila mtu anayeujua mwili wa mwanamke na anayeujua mlima ule, na mwanamke anayeushuka asubuhi na kuupanda jioni akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, hatashangazwa na jibu hilo. Na hata kama tungekuwa na shaka, shaka hiyo ingetutaka tumpunguzie mzazi mzigo wakati tunaendelea kuchunguza.

Kuna jibu la haraka ambalo husikika kila hoja hii inapotolewa: bibi zetu walizaa asubuhi na jioni wakarudi shambani, na waliishi miaka mingi. Jibu hili lina makosa mawili. Kwanza, hatujui bibi zetu waliishi vipi huko chini ya kanga, kwa sababu hakuna aliyewauliza na wao hawakuwa na mtu wa kumwambia. Mwanamke anayevuja mkojo huacha kwenda msibani, huacha kukaa kwenye jamvi na wenzake, huoga mara nyingi na kukaa karibu na mlango. Jamii husema amekuwa mkimya, utu uzima umeingia. Pili, si kweli kwamba mila zetu zilimrudisha mzazi shambani jioni ile. Bibi zetu walipofanya hivyo ni kwa sababu ya dhiki. Mila yenyewe iliweka arobaini. Kwa siku 40 mzazi alikuwa mgeni ndani ya nyumba yake: mama yake au mkwe wake alihamia, maji yaliletwa, uji wenye pilipili manga ulikorogwa, supu au mtori ukapikwa, nguo za mtoto zikafuliwa na mikono mingine. Na lugha yetu imetunza kumbukumbu ya thamani ya jambo hilo. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni akishazaa. Mbeleko ni nguo anayombebea mtoto mgongoni. Maneno hayo hayo mawili ndiyo majina ya zawadi anazopewa mama wa binti wakati wa kuposa na kuoa. Watu waliotangulia waliona kwamba tumbo lililofungwa na mgongo uliobeba ni deni linalolipwa mbele ya ukoo mzima. Leo bado tunatoa bahasha ya mkaja kwenye mahari, ilhali mwanamke anayejifunga mkaja wenyewe tumemwacha peke yake na mtungi.

Sisemi arobaini irudishwe ilivyo. Ndani yake kulikuwa na mambo ya kuacha. Kumlaza mzazi ndani mwezi mzima bila kutembea hakumfai, kwa sababu ya damu niliyoieleza na kwa sababu misuli isiyotumika hunyauka. Kumkanda kwa maji yanayochemka na kulikamua tumbo ili damu chafu itoke kumeunguza wanawake na kufungua mishono. Joto la kadiri kwenye mgongo na mabega lina faraja yake, lakini kidonda kiachwe. Kuhusu mkaja wenyewe, au mkanda wa kisasa uliochukua nafasi yake, ni vema tuwaambie wanawake ukweli. Kufunga kitambaa kwa wastani kunaweza kumpa mtu wepesi anapotembea, ila hakujengi misuli, na kubana kupita kiasi kunasukuma tena kuelekea chini. Huko Norway watafiti waliwafuatilia wanawake 300 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza ili kuona jinsi misuli ya katikati ya tumbo inavyoachana na kurudi. Wiki sita baada ya kujifungua, 60 kati ya 100 walikuwa bado na uwazi. Ilipofika miezi sita, 45. Ulipotimia mwaka, 33. Mwanamke anayelia mbele ya kioo wiki ya nane anapaswa kuzisikia takwimu hizi. Tumbo lake halijaharibika. Liko safarini, na safari hiyo ni ya miezi.

Mazoezi ninayoyatetea basi yanaonekanaje? Ni ya kimya kiasi kwamba mtu aliye chumba cha pili hatajua yanafanyika. Mzazi analala chali kwenye mkeka, magoti yameinuliwa, nyayo zimetulia chini. Anavuta pumzi tumbo likipanda. Anapoitoa polepole anabana kwa ndani, kama mtu anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, bila kukaza mapaja wala makalio. Anahesabu hadi tano, anaachia kabisa, anapumzika, anarudia hadi mara kumi. Akizoea anaweza kufanya hivyo amekaa ananyonyesha, mara tatu kwa siku. Asiyafanyie majaribio chooni kwa kukatakata mkojo, maana hilo halikisaidii kibofu. Aliyepasuliwa ajifunze kuamka kwa kugeukia ubavu kwanza na kujiinua kwa mkono, badala ya kujivuta kwa tumbo. Kisha matembezi: dakika kumi hadi kwa jirani na kurudi, wiki inayofuata kumi na tano. Damu ikiongezeka au kurudi kuwa nyekundu baada ya kuwa imefifia, mwili unamwambia apunguze. Akipata homa, kichwa kikali, kifua kubana, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, hilo halihusiani na mazoezi tena. Ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Napaswa kuwa mwaminifu kuhusu mipaka ya ushahidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua, halikupendekeza mazoezi ya misuli ya nyonga yawe kinga ya kupewa kila mzazi asiye na tatizo. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwa wanawake walioanza mazoezi hayo wakiwa bado wajawazito. Wengine watasoma hapo kwamba suala limefungwa. Mimi nasoma kinyume: kwamba mafunzo yaanze kliniki ya ujauzito, ambako wanawake wetu wengi wanafika walau mara moja, na kwamba baada ya kujifungua lazima mtu amuulize kila mzazi kama anavuja, kwa sababu anayevuja anaweza kusaidika na asiyevuja hana haja ya kuongezewa jukumu. Ufaransa imeliweka jambo hili ndani ya bima ya taifa: mzazi huandikiwa vipindi vya kufunzwa misuli ya nyonga na mkunga au mtaalamu wa viungo, na halipi kutoka mfukoni. Hatuna wataalamu wa viungo wa kutosha kila zahanati. Lakini swali moja la muuguzi na dakika tano za maelekezo havihitaji jengo jipya.

Wapo wanaoogopa kwamba mazoezi yatakausha maziwa au kuyafanya machungu, mtoto akayakataa. Hofu hii nimeiheshimu kwa sababu inatokana na upendo. Imepimwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwagawa wanawake 33 wanaonyonyesha, baadhi wakafanya mazoezi makali kiasi ya dakika 45, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12. Wingi wa maziwa na virutubisho vyake havikutofautiana na vya wenzao, na watoto wakakua sawasawa. Hata hivyo, wanawake wale walikuwa wameshiba. Hapa kwetu utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wanawake 42 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mwanamke mwenye damu kidogo, aliyepoteza nyingine akijifungua, akiambiwa aruke kamba ataanguka. Kwake yeye zoezi la kwanza ni sahani: maharage, dagaa, mchicha, maini yakipatikana, na vidonge vya madini chuma ambavyo vinafaa kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua na ambavyo vingi huishia kabatini.

Na moyo pia uko ndani ya mwili. Mwishoni mwa 2024, jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 35 yenye wanawake zaidi ya 4,000: waliopata mazoezi baada ya kujifungua walikuwa na dalili pungufu za sonona na wasiwasi. Sehemu kubwa ya ushahidi wa namna hii inatoka nchi tajiri, na hilo tulikumbuke. Lakini sonona ya mzazi si ugonjwa wa kigeni. Dodoso linalotumika duniani kote kuitambua, lenye maswali 10, lilitungwa Edinburgh mwaka 1987, na mmoja wa waliolitunga, daktari John Cox, miaka ya 1970 alikuwa Kampala akichunguza hali ya akili ya wajawazito na wazazi wa Kiganda. Huko aliandika kuhusu amakiro, maradhi ambayo Waganda wenyewe walikuwa na jina lake kabla yeye hajafika. Watu wa kwetu waliyajua haya. Walijua kuwa mzazi anaweza kumgeuzia mtoto mgongo, kukataa kula, kusema maneno yasiyoeleweka. Kutembea kila jioni na mwanamke mwenzake, mtoto mgongoni, kunampa mzazi mambo matatu kwa pamoja: mwendo, jua la mwisho la siku, na mtu wa kumwambia kwamba hajalala siku tatu. Sidhani tutajua lipi kati ya hayo linaponya zaidi, na sioni sababu ya kuyatenganisha. Aliyezama sana anahitaji daktari, na matembezi yasiwe kisingizio cha kumchelewesha.

Inabaki hoja ngumu kuliko zote: nani atabeba hiyo ndoo? Mwanamke akilala, nyumba inalala. Mama yake yuko mkoa mwingine, mkwe naye ana shamba lake, msichana wa kazi hawezi kulipwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini mama lishe, mkulima na muuza mboga hawana mwajiri wa kuwaandikia barua. Na baba, hata yule mwajiriwa, sheria hiyo inampa siku tatu. Nchini Kenya ni wiki mbili. Siku tatu zinatosha kumtoa mke wodini, kuwapokea wageni na kuchinja kuku. Hazitoshi kumwondolea mzigo mtu ambaye nyonga yake inahitaji wiki sita. Nataka ziongezwe, na sioni kwa nini wabunge, ambao wengi ni baba, waone haya kuzijadili. Lakini nitakuwa nimekwepa nikiishia bungeni, kwa kuwa wanaume wengi wa nchi hii hawana likizo ya kuongezewa. Wana baiskeli, wana mikokoteni, wana mabega. Madumu manne kwenye baiskeli ni kazi ya muda mfupi kabla ya kwenda kibaruani. Wanaume wa miji yetu wanachota na kuuza maji mitaani kila siku na hakuna anayewacheka. Aibu inaanza pale maji yanapokuwa ya mke.

Serikali kwa miaka kadhaa imekuwa na kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, na kila kijiji kinachopata bomba ni hatua ya kweli. Naomba kaulimbiu hiyo isomwe pia na wizara ya afya. Tumefanya kazi kubwa ya kuwafikisha wanawake hospitalini: waliojifungulia vituo vya afya wamepanda kutoka 63 kati ya 100 katika utafiti wa 2015-16 hadi 81 mwaka 2022, na vifo vya uzazi vimeshuka kwa kiasi ambacho wakunga wetu wanastahili kushukuriwa hadharani. Ila katika utafiti ule wa 2015-16, ni wanawake 34 tu kati ya 100 waliopimwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua. Tunamlinda hadi mtoto alie, kisha macho yote yanamfuata mtoto. Miongozo inataka mzazi aonwe tena hadi wiki ya sita. Siku hiyo ya chanjo tayari yuko pale, kwenye benchi, na kadi mkononi. Muuguzi akishamtoa mtoto kwenye mizani, amgeukie mama, avute pazia, apime presha na damu, aangalie kidonda, amuulize anavuja au havuji, analala au halali. Kisha amuulize nani anachota maji nyumbani. Na kama mume yuko nje ya geti amekaa kwenye bodaboda akingoja, aitwe ndani, asikie jibu hilo likiandikwa.